Kinyozi, kioo na ulimi wa Kasuku

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango wa kinyozi umefunguliwa nusu tu. Ndani, taa moja inawaka juu ya kioo kikubwa chenye ufa kwenye kona. Ule ubao wanaokalishwa wateja wadogo umelazwa juu ya mikono ya kiti, na juu yake amekaa msichana aliyevaa sare ya shule, miguu inaning'inia. Nyuma yake amesimama baba yake. Wote wawili wanatazama kioo.

"Meno yakutane," anasema baba. "Ulimi ubaki ndani, nyuma ya meno. Halafu toa pumzi polepole. Sss. Haya."

"Thhh," anasema mtoto.

"Tena. Sss."

"Thhh."

"Sawa," anasema baba, kwa sauti ya mtu ambaye kwake hakuna kilicho sawa. Anachukua brashi ya poda na kuanza kupangusa kiti ambacho hakijakaliwa na mteja tangu jana jioni.

Wateja humwita Taratibu, na jina hilo hakulipata kwa upendeleo. Mwenye haraka haendi kwake. Siku nzuri ananyoa vichwa kumi, siku mbaya vitatu, lakini kila kinachotoka pale hutoka kimenyooka pembeni kama kimepimwa kwa rula. Akishika mashine haongei. Mdomo unaachama kidogo, ncha ya ulimi inachungulia kati ya meno, na dunia yote inabaki kuwa kile kichwa kilicho mbele yake. Ukimuuliza habari za nyumbani, utajibiwa akishamaliza sikio la pili.

Binti yake naye ana jina la utani. Bibi yake, mama mzazi wa Taratibu, alimwita Kasuku tangu alipoanza kutamka, kwa sababu alikuwa hanyamazi na kila alichokiona alikiiga: mlio wa mlango, kikohozi cha babu, mwendo wa jirani mwenye goti bovu. Nyumba ilichoka kwa kelele zake. Leo nyumba hiyohiyo ingelipa ili izisikie tena.

"Mitano," Kasuku alimjibu mwandishi wa makala haya alipomuuliza ana miaka mingapi. Akafikiri kidogo. "Halafu miwili."

Mwandishi akabaki kuhesabu vidole kama mtoto wa chekechea. Baba mtu ndiye aliyemwokoa. "Anaikwepa saba," alisema. "Saba ina ile herufi."

Kasuku ana kithembe. Kila anapotaka kutoa s, ulimi unatangulia nje na kinachotoka ni th. Alipokuwa mdogo watu walicheka kwa mapenzi na kumwambia arudie. Alipong'oka meno ya mbele, wazazi walisema wasubiri yaote. Meno yakaota, mazuri, meupe, yamejipanga, na kithembe kikabaki palepale, kana kwamba kimelipia pango.

Kilichobadilika ni mtoto mwenyewe. Muhula uliopita mwalimu alimsimamisha asome sentensi iliyoandikwa ubaoni: "Sisi sote tunasafisha darasa." Sentensi hiyo, kwa mtoto mwenye kithembe, ni mtego. Darasa zima liliangua kicheko, na kufikia mapumziko alikuwa tayari na jina jipya, Thithi. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa.

Tangu siku hiyo anachagua maneno kama mtu anayevuka madimbwi kwa viatu vipya. Sukari ni "ile tamu". Sita ni "tano na moja". Sabuni haina jina, inaonyeshwa kwa kidole. Shuleni hasemi kabisa.

"Shikamoo anaiweza," anasema mama yake, ambaye ni dobi katika hospitali kubwa, kazi yake kufua shuka za wagonjwa. "Samahani haiwezi. Asante haiwezi. Kwa hiyo ameziacha. Ukimpa kitu anakipokea, anatikisa kichwa, anaondoka. Watu wakaanza kuniuliza, huyu mtoto amekosa adabu lini?"

Fundi viatu, jirani wa Taratibu ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa kinyozi, anakiri kwamba naye alikuwa miongoni mwao. "Nilimshonea kandambili yake bure. Kaichukua, kanitazama, kaenda zake. Nikamwambia baba yake, jirani, binti yako kaota mapembe. Kumbe mtoto wa watu anahangaika na herufi moja! Roho iliniuma."

Mwalimu wake si mtu mbaya, Taratibu mwenyewe anasema hivyo. Lakini mwisho wa muhula huu kuna mtihani wa kusoma kwa sauti, mbele ya darasa, na asiyefungua mdomo hapati alama. Asiyepata alama hurudia darasa. Mwalimu alimuuliza baba mtu: nimpe alama gani mtoto anayesimama na kunitazama tu?

Cha ajabu ni kwamba Kasuku anajua kusoma. Hukaa kwenye benchi la wateja na magazeti yaliyoachwa, kidole kikitembea chini ya mistari, midomo imefungwa kabisa. Akifika mwisho wa ukurasa anafungua mwingine.

"Kurudia darasa si msiba," anasema Taratibu. Anakunja taulo, anaikunjua, anaikunja tena. "Ninachoogopa ni kwamba anazoea kunyamaza. Leo anamnyamazia mwalimu. Kesho mtu atamdhulumu, atanyamaza. Kesho kutwa atakuwa na haki yake mahali, atanyamaza. Hapo ndipo ninapokosa usingizi."

Basi akaamua kumsaidia. Na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza rasmi.

Kinyozi ana balaa moja: kila anayekaa kwenye kiti chake ni daktari. Taratibu alimweleza mteja mmoja, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa na dawa. Dereva wa lori, mteja wake wa siku nyingi, alisema mtoto awekewe kokoto mdomoni asome nazo. Fundi viatu alisema kuna kinyama chini ya ulimi, kikikatwa mambo yanakwisha, akatikisa kisu chake cha kukatia ngozi kuonyesha kwamba yuko tayari kusaidia. Mzee mmoja alisema samaki mkunje angali mbichi, mtoto abanwe kila neno mpaka anyooke. Bibi yake alisema aachwe, ulimi hauna fimbo.

Kisha akaja bwana mmoja mnene, amevaa tai, akasikiliza yote huku akinyolewa, akatabasamu. "Mnahangaika bure," alisema. "Thi mnaniona mimi thatha? Nilikuwa nacho, kikaondoka chenyewe."

 Fundi viatu alitoka nje ghafla, akidai amesahau gundi juani.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Taratibu alijaribu kumbana mtoto kila neno, mtoto akazidi kufunga mdomo. Alijaribu kumwacha, siku zikapita na mtihani ukasogea. Kokoto alizikataa mkewe, ambaye ameshaona hospitalini watoto waliopaliwa na vitu vidogo kuliko hivyo. Ni yeye pia aliyeuliza huku na huku kwenye korido, huku akisukuma toroli la shuka, mpaka akaelekezwa kwa mtaalamu wa matamshi.

Mtaalamu ni mama wa makamo, mpole, na ni mmoja tu kwa eneo zima, hivyo kumwona ni kusubiri. Alimtazama Kasuku mdomoni, akampima masikio, akacheza naye kidogo. Ulimi haujafungwa na kinyama chochote, alisema. Meno mazuri. Masikio mazima. Ni ulimi uliozoea kutoka nje, na uliozoea kimoja unaweza kuzoeshwa kingine, ingawa hakuna ajuaye utachukua muda gani.

Akawapa mazoezi ya nyumbani. Mtoto akae mbele ya kioo aone mdomo wake na wa mzazi. Aanze na t, ambayo anaiweza, aigonge harakaharaka, t-t-t, kisha aiachie pumzi mpaka itoke s. Mazoezi yawe mafupi, yafanane na mchezo. Katika maongezi ya kawaida asikatizwe na asirekebishwe. "Mwache atazame mdomo wako, afuate," alimwambia baba. Akawaambia warudi baada ya miezi mitatu.

"Nilitoka mle nimeelewa kila kitu," anasema Taratibu. "Nilipofika kituo cha basi sikuelewa hata kimoja. Nisipomrekebisha, atajuaje kwamba kakosea? Nikimrekebisha, ananyamaza. Sasa mtu ufanye nini? Nikasema, kioo ninacho, tena kikubwa kuliko cha hospitali. Tuanzie hapo."

Ndipo asubuhi zikawa za ubao na kioo. Kabla ya shule na kabla ya mteja wa kwanza, baba na binti walikaa pale wakitafuta s. Baba alikuwa anaitamka vizuri, kisha anasubiri, ameikodolea macho midomo ya mtoto kama anavyokodolea ukingo wa nywele. Mtoto alitazama kioo na kutoa th. Siku zikaenda hivyo.

Kisha likatokea jambo lililomvuruga kabisa. Jumapili moja mama alikuwa anamsuka Kasuku sebuleni, mtoto ameketi chini katikati ya magoti yake, amempa mgongo. Ili kupoteza muda wakawa wanagonga zile t, kisha wanataja vitu vya jikoni. Taratibu alikuwa mlangoni, anapiga kiatu brashi.

"Sabuni," alisema Kasuku. "Sahani. Sufuria."

Brashi ikasimama. Si moja iliyobahatika, ni tatu mfululizo, safi kabisa. Taratibu anasema machozi yalimlenga. Jumatatu asubuhi alimpandisha kwenye ubao kwa furaha ya mtu anayekwenda kupokea tuzo.

"Haya mwanangu. Sabuni."

"Thabuni."

Alibadilisha taa, akidhani mtoto haoni vizuri. Alifuta kioo kwa spiriti. Alikigeuza kiti, akakirudisha. Aliahidi peremende. Jioni alijaribu tena, ikawa th. Nyumbani, akiwa amempa mama mgongo, ikawa s. "Labda mimi ndiye mwenye mkono wa dawa, Baba Kasuku," mkewe alimtania, na Taratibu, ambaye kwa kawaida hucheka utani wake, alinuna mpaka chakula kikapoa.

"Niliumia," anasema. "Nilijiuliza, huyu mtoto ananiogopa? Nimemfanya nini? Kwa mama yake anaweza, kwangu hawezi, na mwenye kioo ni mimi!"

Asubuhi moja alimfokea. Kwa mara ya kwanza, anaapa, na ya mwisho. Kasuku hakulia. Aliteremka kwenye ubao peke yake, akachukua mkoba, akaenda shule bila kuaga. "Nilijiona mnyama," anasema Taratibu.

Mwandishi wa makala haya alirudi kwa kinyozi huyo mchana mmoja baada ya shule. Kasuku alikuwa benchini na gazeti lake. Dereva wa lori alikuwa kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni na kiatu cha mtu mkononi, kazi yake ya kila siku ikiwa ni kusimama mlangoni na kiatu cha mtu mkononi.

Mtihani ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Taratibu alikuwa hatulii. Katikati ya kichwa alizima mashine na kuuliza kama dereva angesubiri kidogo, amjaribu mtoto mara moja tu.

"Mtoto kwanza, fundi," alisema dereva. "Kichwa changu hakina safari." Akahamia benchini na shuka lake la kunyolea shingoni, nusu mwenye nywele, nusu kipara, akakaa kwa heshima zote.

Ubao ukawekwa. Kasuku akapanda. Baba akasimama nyuma yake, wakatazamana ndani ya kioo.

"Tazama mdomo wangu," alisema baba. "Sss. Sasa wewe." Akatulia, akamkazia macho, asipumue.

"Thhh."

"Ulimi ndani, mwanangu. Sss. Haya."

"Thhh."

"Ulimi ndani! Mbona unautoa?"

 Kasuku akanyanyua kidole, akakiegesha kwenye kioo, si kwenye uso wake bali kwenye ule uliokuwa juu yake.

"Na wewe umetoa," alisema.

Duka zima lilitazama. Ni kweli. Kati ya meno ya Taratibu, ikiwa imetulia kama ilivyotulia miaka yote juu ya vichwa vya watu, ilikuwepo ncha ya ulimi. Alikuwa anasema s safi kabisa, halafu akisubiri zamu ya mtoto, kwa ile shauku ya kusikia, uso wake unageuka kuwa uso wa kazini. Kasuku alikuwa ameambiwa atazame mdomo wa baba na kufuata. Kila alipofungua kinywa, mdomo aliouona ulikuwa na ulimi nje. Kwa mama, aliyempa mgongo, hakukuwa na mdomo wa kufuata.

"Daktari alithema nifuate," alisema mtoto, kwa unyonge. "Nafuata."

Taratibu aliusogeza uso wake kwenye kioo mpaka kikaingia ukungu. Mtu huyu hutazama kioo kutwa nzima, lakini hajawahi kujitazama. Hutazama mteja. Aliuingiza ulimi ndani, akautoa, akauingiza tena, kama mtu anayejaribu swichi ya taa.

"Kinyozi hajinyoi!" alipiga kelele fundi viatu, akaangusha kiatu.

Dereva alicheka mpaka nywele zikamwagika kutoka kwenye shuka. Na Kasuku naye akacheka, kwanza kwa mkono mdomoni, kisha bila mkono. Baba yake anasema hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu muhula uliopita. Mwandishi wa makala haya, ambaye aliuona ulimi huo siku ya kwanza na akauandika kama pambo la habari, alijifanya anatafuta kalamu.

Mambo yangekuwa mepesi kama yangeishia hapo. Lakini mama Kasuku alimkuta mtaalamu kwenye korido, akamsimulia. Mtaalamu alicheka sana, kisha akaweka mambo sawa. Mtoto alikuwa na kithembe kabla hajaanza kukaa mbele ya kioo hicho, alisema, kwa hiyo baba asijitwishe mzigo wote. Lakini mtoto anayeambiwa aige, huiga anachokiona. Kuhusu kilichokianzisha kithembe chenyewe, wakati mwingine hata wao hawajui.

"Sasa ni mimi au si mimi?" anauliza Taratibu, mikono ameitandaza. "Ameniambia si mimi. Halafu akaniambia niurudishe ulimi ndani. Mimi hapo sielewi, nimeamua kuurudisha tu."

Kuurudisha si kazi ndogo. Amenyoa hivyo tangu ujana. Kichwa cha kwanza alichokinyoa akiwa amefunga mdomo kilikuwa cha dereva, ule upande uliobaki, na mstari wa paji la uso ulipinda. "Nimeendesha lori wiki nzima nimevaa kofia," analalamika dereva, "lakini ni kwa ajili ya mtoto, sina neno."

Sasa wana utaratibu mpya. Asubuhi, Kasuku akiwa juu ya ubao, kila mmoja anamchunga mwenzake. Ulimi wa baba ukichungulia, mtoto anagonga ubao kwa kisigino. Mchana anakaa benchini na kuendelea na ulinzi, na wateja wamezoea kusikia benchi likigongwa katikati ya kunyolewa na kinyozi wao akifunga mdomo ghafla kama aliyekumbuka deni. Kuhusu s yenyewe, mara inatoka safi, mara inarudi th, mara kinatoka kitu cha katikati ambacho alfabeti haina jina lake. Taratibu hajui ni nini kinachoamua.

"Zamani nilikuwa nataka s," anasema. "Hata sasa naitaka. Lakini juzi aliniuliza kama nitakuja siku ya mtihani. Nikamwambia nitakuja. Akasema, basi ukae nyuma nikuone, lakini ufunge mdomo. Nikamuuliza, kwani utasoma? Akasema ndiyo. Sasa ukiniuliza alisema 'nitasoma' au 'nitathoma', sikumbuki. Nakuapia sikumbuki. Nilikuwa nimesikia kwamba atasoma."

Ijumaa ni siku yake ya kazi kubwa, watu wanapojiandaa kwa mwisho wa wiki. Hajawahi kufunga duka siku hiyo hata alipokuwa mgonjwa.

Mwandishi alipokuwa anaaga, alimpa Kasuku kalamu aliyokuwa akiandikia. Mtoto aliipokea, akaigeuzageuza, akatikisa kichwa kama kawaida yake. Kisha akamtazama baba yake, ambaye alikuwa amesimama katikati ya duka, midomo ameibana mpaka mashavu yamevimba.

"Athante," alisema Kasuku, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa fundi viatu.

Hakuna aliyemrekebisha. Baba yake alitoa chaki kwenye mtoto wa meza, akatoka nje, akauegemea mlango na kuandika juu yake taratibu, herufi moja baada ya nyingine, ulimi ukiwa ndani: IJUMAA ASUBUHI HATUNYOI. TUNASOMA.